Mirija Mia Moja ya Chuma

Nilifika Malaba kwa sababu ya foleni. Nilikuwa naelekea Kampala. Trela iliyonibeba ilitoka Mombasa na shehena ya vigae, na dereva wake alikuwa rafiki yangu niliyekalia naye dawati moja sekondari kule Voi. Mimi nilikuwa abiria asiye na tiketi, nikiwa na magunia mawili ya tochi za kufunga kichwani, zile nilizoagiza Uchina nikashindwa kuziuza Pwani. Tulikunywa chai Mtito Andei, tukala mahindi ya kuchoma Salgaa, tukatetemeka kwa baridi Burnt Forest hadi nikavaa gunia moja kama koti. Kufika Bungoma nilikuwa nimeshasimuliwa maisha yote ya rafiki yangu mara mbili, na mara ya pili alikuwa shujaa zaidi.

Halafu tukasimama. Mbele yetu kulikuwa na malori yaliyopangana mpaka macho yakachoka, na mpaka wenyewe hatukuuona. Siku ya kwanza tulilala ndani ya trela. Siku ya pili nilishuka kutafuta chai, nikasikia watu wanacheka nyuma ya nyumba moja ya mabati, nikafuata kicheko.

Walikuwa wazee kumi hivi na akina mama watatu, wamekaa kwenye viti vifupi kuzunguka chungu. Kila mmoja ameshika mrija mrefu kumpita alivyoketi, ncha moja chunguni, nyingine mdomoni. Hiyo ndiyo ajon, pombe ya wimbi ya Wateso. Haimiminwi kwenye kikombe. Wimbi lililochachuka hukaa ndani ya chungu, mwenye nyumba humwagia maji ya moto, watu huvuta. Ikipungua, maji ya moto tena.

"Karibu, mtu wa foleni," mwenye pombe aliniambia. Alikuwa mama mjane wa miaka sitini hivi, mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. "Una mrija?"

"Sina, mama."

"Basi ngoja mtu akojoe."

Mzee mmoja aliinuka, mama akanipa mrija wake. Nilipoupokea kwa mkono wa kushoto, mzunguko mzima ukaguna. Nikauhamishia kulia. Nilipoanza kunywa nikapuliza badala ya kuvuta, chungu kikatoa mapovu, na wote wakacheka mpaka mzee aliyekwenda chooni akarudi mbio kuuliza amekosa nini.

Foleni ilikaa siku nne. Katika siku hizo niliuza tochi zote kwa madereva, maana kila mmoja alikuwa anakagua matairi kwa mwanga wa simu. Malori yalipoanza kusogea, rafiki yangu alipiga honi, mimi nikamwambia atangulie. Nilikuwa nimekodi chumba kimoja kwa yule mama.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mfanyabiashara wa mpakani. Kazi yangu ilikuwa nyepesi kueleza: natazama watu wanakosa nini, natafuta kiwanda cha mbali kinachokitengeneza, naagiza kwa simu, mzigo unakuja kwa ndege hadi Nairobi na kwa basi hadi Busia, mimi napiga picha naweka mtandaoni. Niliwauzia wabadilisha pesa wa Busia vibeti vya kufunga kiunoni. Niliwauzia akina mama wa Nambale mashine ndogo za kupukuchua mahindi kwa mkono. Mtu wa Funyula akiagiza leo, kesho bodaboda iko mlangoni. Nilikosea pia. Niliwahi kuagiza miavuli ya pikipiki ikaja ya baiskeli za watoto, yenye picha za sungura. Nayo iliisha, ila nilitaniwa sana. "Boss wa sungura," waliniita stendi nzima.

Mwaka wangu wa pili pale, mama aliniita asubuhi akiwa anatandaza wimbi juani.

"Mtu wa Pwani, wewe si unaletanga vitu kutoka ng'ambo?"

"Naleta, mama."

"Niletee mirija."

Nilidhani ananitania, lakini hakuwa anacheka. Binti yake mdogo alikuwa anaposwa na watu wa upande wa Tororo, na wakwe walikuwa wanakuja baada ya miezi miwili. Alipoolewa binti mkubwa, mama alipika pombe ya kutosha vyungu vitano, lakini mirija ilikuwa kumi na minne tu. Wageni walingoja zamu. Wakwe wale walivuka mpaka na hadithi, na hadithi ikarudi kwake kupitia wachuuzi: kwa yule nyabo, yule mama wa Malaba, watu wanapanga foleni ya pombe kama foleni ya malori.

"Miaka sita nimesikia hiyo maneno sokoni," alisema. "Hawa wengine wakirudi nayo, mimi siuzi wimbi tena hii Malaba. Nataka kila mtu akae chini, ashike yake."

Nilimwuliza kwa nini asinunue ile ya kawaida. Akaniambia mirija mizuri hukatwa kwenye tete, mmea wa kinamasini, na vinamasi vimelimwa viazi na mboga. Siku hizi unapata vipande vifupi. Mrefu, ulionyooka, usio na ufa, ni wa kutafuta kama daktari. Wengine wanatumia mipira ya plastiki. "Hiyo mimi sitaki. Mkwe wangu atadhani amelazwa wodi."

Kwa hiyo nikaingia kwenye simu. Nilimpata mwuzaji mmoja, mwanamke wa kiwanda cha vijiko na mirija ya chuma kisichoshika kutu, yenye chujio ncha ya chini. Tulikuwa tunaongea kwa mtambo wa kutafsiri, yeye anaandika Kichina, kwangu kinafika Kiswahili cha aina yake.

"Mpendwa, urefu wa kawaida ni sentimita ishirini na tano," aliandika.

"Nataka mita moja na nusu."

Jibu lilichukua nusu saa. Kisha: "Mpendwa, wateja wako ni twiga?"

Nilimtumia picha ya wazee chunguni. "Nimeelewa. Ni kunywa kwa familia. Ni nzuri. Lakini kwa kiwanda kuanza ni vipande mia moja, na kila kimoja kitakatwa sehemu mbili na kuungwa kwa skrubu, ili kiingie kwenye sanduku."

Nikakubali. Arobaini ya mama, sitini yangu ya kuuza mtandaoni. Mzigo ulifika Busia wiki moja kabla ya sherehe. Niliufungulia chumbani, nikaunganisha mmoja, nikautumbukiza kwenye chupa ya soda ya baridi na kuvuta nikiwa nimesimama juu ya kitanda. Soda ilipanda vizuri kabisa. Nikapiga picha, nikaandika "Mirija ya kisasa, haipasuki, haiozi, ya kurithiwa na wajukuu", na kufikia jioni nilikuwa na oda kumi na moja. Mama alishika wake akauzungusha juani, ukamulika hadi ndani ya nyumba ya jirani.

"Hapa sasa," alisema. "Waje hata mia."

Asubuhi ya siku yenyewe vyungu vitatu vilikuwa tayari chini ya turubai, viti vimepangwa, mirija arobaini imesimama kwenye pipa safi kama mikuki. Wakwe walikuwa wamepiga simu kwamba wako Tororo wanapanda gari. Mwenye pombe lazima aonje kwanza, watu waone haina neno. Mama akamwagia maji ya moto, akakaa, akachukua mrija mmoja, akavuta.

"Uuuwi!"

Mrija uliruka huku, mama kule. Alikuwa ameshika mdomo kwa viganja viwili. Jirani yake, fundi wa baiskeli, akadhani ni nyuki. Alichukua mwingine ajaribu. Naye akaruka.

"Hii kitu inachoma kama pasi!" alisema. "Boss wa sungura, umetuletea nini?"

Ndipo nilipoelewa, na mwili wangu ukawa baridi wakati wao wanaungua. Nilikuwa nimekunywa ajon pale mwaka mzima na zaidi. Nilijua mkono gani, nilijua usipulize. Sikuwahi kufikiria kwamba tete halipitishi moto na chuma kinapitisha. Nilijaribu mirija ya pombe ya moto kwa soda ya baridi.

"Tungoje ipoe," nilisema.

"Ajon baridi?" Mama alinitazama na mdomo ulioanza kuvimba. "Niwape wakwe uji wa jana?"

Fundi akasema ana dawa. Alikimbilia kibanda chake akaleta ule mpira mwembamba wa valvu ya baiskeli, akakata kipande, akauvisha ncha ya juu ya mrija kama soksi. Akavuta. Hakuungua. Akavuta tena, akakunja uso.

"Mama, hii pombe sasa ina pancha."

Kila aliyeonja alisema hivyohivyo. Ladha ilikuwa ya tairi. Wakati huo simu ikaita: wakwe wamefika mpakani, wanagongesha karatasi, wanavuka.

Mama akainuka, akaingia jikoni, tukasikia anaburuta kiti. Alitoka na bunda la vijiti vyeusi kwa moshi, limefungwa kwa kamba ya mgomba, masizi yamemjaa kichwani. Ilikuwa mirija ya zamani iliyovunjika, miaka na miaka ya mirija ya watu waliowahi kunywa kwake. Kila mmoja ulipovunjika alikata kipande kizuri akakichomeka darini. Nilipomwuliza baadaye kwa nini hakuitupa, alinijibu, "Mtu amekaa kwangu miaka kumi, nimtie kwenye moto nichemshie chai?"

Vipande vile vilikuwa vifupi, havifiki chunguni. Lakini vinafika mdomoni.

Tulifanya kazi bila kuongea, ila fundi, ambaye aliongea kwa niaba yetu wote. Akina mama walisugua vipande vya tete kwa majani na kuvipitisha kwenye maji yanayochemka. Mimi nilifungua mikebe ya mpira wa valvu. Fundi alivisha mpira nusu kwenye chuma, nusu kwenye tete, kiungo kikakaza. Chuma chini, tete juu, na mpira katikati ambapo hakuna ulimi unaofika. Mama akaonja upande wa mdomo usiouma. Akafumba macho.

"Ni ajon," alisema.

Tulipofikia thelathini na nane, alishika kipande kimoja asikitoe mkononi. Kilikuwa cheusi kuliko vingine, kimezungushiwa waya mwembamba wa shaba.

"Huyu ni mwenye boma," alisema. Alimaanisha marehemu mume wake. "Aunganishwe pia. Mtoto ni wake, kwa nini akae darini?" Ulipounganishwa akampa shemeji yake, aliyesimama mahali pa baba siku ile. Shemeji aliupokea kwa mikono miwili.

Wakwe waliingia watu ishirini na saba. Kila mmoja aliketi, kila mmoja akapewa mrija, na ikabaki mirija pipani. Kiongozi wao, mzee mwenye kofia ya manyoya, aliukagua wa kwake juu hadi chini.

"Huku juu ni kwetu," alisema. "Huku chini ni wapi?"

"Uchina, ssebo," fundi akajibu haraka, akimwita bwana kama wanavyosema Uganda. "Na hapa katikati ni baiskeli yangu."

Mzee alivuta, akatikisa kichwa, akavuta tena. "Nyabo," alimwambia mama, "kule kwetu walituambia tubebe subira. Tumeibeba bure."

Mama alicheka huku ameshika mdomo wake uliovimba, na mimi nikaenda nyuma ya nyumba kujimwagia maji usoni.

Baada ya siku ile hadithi ilivuka mpaka upya. Niliondoa yale maneno yangu ya mtandaoni, nikawapigia simu watu kumi na mmoja walioagiza, nikawaeleza kila kitu, hata juu ya soda. Ni wawili tu waliofuta oda zao. Tukaanza kutengeneza mirija ya kuunga: chuma kutoka ng'ambo, tete fupi kutoka kwa akina mama wa kinamasini, fundi kwenye kiungo. Wateso walioko Nairobi waliagiza, na Wasamia wa Funyula pia. Mwuzaji wangu wa Uchina aliniandikia: "Mpendwa, twiga wanaongezeka."

Nilikaa miaka mitatu zaidi, mingi kuliko nilivyowahi kukaa popote tangu niondoke nyumbani. Lakini miguu yangu naijua. Nilianza kutembea hadi barabarani asubuhi bila sababu, kusoma namba za malori. Ukurasa wa biashara nilimwachia fundi, ambaye tayari alikuwa anajibu wateja vizuri kuliko mimi. Kisha siku moja trela nyeupe ikapiga honi ninayoijua. Rafiki yangu alikuwa anarudi kutoka Kampala na kiti kimoja kitupu, anaelekea Pwani.

Mama alinisindikiza hadi mlangoni. Mrija wangu ulikuwa umening'inia ukutani pamoja na wa wengine. Pale kwake, aliyesafiri huuacha, maana atarudi. Anayehama hubeba wake.

"Unaacha au unabeba?" aliuliza.

Sikutaka kumdanganya, na sikutaka kubeba. Nikaushusha, nikafungua ile skrubu ya katikati. Sehemu ya chini, yenye chujio, nikaitia kwenye begi. Ya juu, yenye tete, nikampa.

"Ala! Nusu!" alisema. "Hata kuondoka kwako ni kwa sampuli."

Alinicheka mpaka machozi, au alitumia kicheko kuyapitisha. Honi ikalia tena. Nilipofika barabarani niligeuka, nikamwona kupitia mlango wa jikoni amepanda juu ya kiti, anafungua kamba ya mgomba, ananichomeka darini pamoja na wengine.