Sajini Obita Anajifunza Kiko

Sajini mstaafu Obita alikuwa mtu wa haraka, na alijisifia haraka yake. Miaka thelathini na moja ya upolisi ilimfundisha kula akiwa amesimama, kulala na viatu, na kumaliza sigara kwa mivuto minne, moto kaufumbata kiganjani, kabla mkubwa hajatokea konani. Hata baada ya kustaafu na kupanga vyumba viwili Namuwongo, karibu na reli, aliendelea kunywa chai ikimchoma koo, kana kwamba kuna lori linamngoja nje. Kwamba haraka haraka haina baraka alilijua vizuri. Aliwahubiria wezi wa kuku maneno hayo alipowakamata.

Jambo moja tu alilifanya polepole, nalo ni kumpeleka mkewe hospitali.

Kavugho alianza kulalamikia koo mwezi wa kwanza. Obita akasema ni vumbi. Akanunua limau, akanunua asali, akanunua vidonge vya kumung'unya, na kila mwezi akasema mwezi ujao tutakwenda. Walipokwenda ilikuwa Septemba. Daktari alikuwa mpole, aliongea nao kwa muda mrefu, lakini maana ya maneno yake ilikuwa fupi: mrudishe nyumbani, mpe uji mwepesi, mpe na dawa hii ya maumivu. Maji yakimwagika hayazoleki. Obita alikaa kwenye benchi la hospitali akiwa na kofia mkononi, akajichukia.

Yeye na Kavugho walikutana ujanani mpakani Mpondwe, yeye askari wa doria, Mwacholi asiyejua neno la Kinande, Kavugho muuza mawese kutoka Kasindi, upande wa Kongo, asiyejua neno la Kiacholi. Kiswahili ndicho kilichowaoza. Cha Obita kilikuwa cha kambini, kifupi na cha amri. Cha Kavugho kilikuwa cha Kongo, kinapinda kwa raha zake. Watoto waliwacheka wote wawili. Obita alimwita mkewe Mama Aciro. Kavugho alimwita Afande, jina lililoanza kama heshima, likageuka kejeli, na uzeeni likabaki kuwa jina la mapenzi, ingawa hakuna kati yao ambaye angelikiri.

Kavugho alivuta kiko kama mama yake alivyovuta. Milimani kwao mwanamke aliyekwisha kuzaa anayo haki hiyo na hakuna wa kumuuliza. Obita, aliyeacha sigara alipostaafu, hakuwahi kukigusa hicho kiko. Alikiita dohani ya jikoni.

Sasa koo lilikuwa halivuti tena. Asubuhi moja ya Novemba, baada ya vijiko vitatu vya uji, Kavugho hakuomba dawa wala padri. Aliomba harufu.

"Afande, uvute kiko yangu," alisema. "Mimi nitanusa tu."

Binti yao Aciro, mwenye kibanda cha chakula Wandegeya, alikuja Jumapili, akaikuta habari hiyo na kuwaka. Moshi kwa mgonjwa wa koo? Kavugho ndiye aliyejibu, kwa sauti iliyobaki nyembamba kama karatasi: "Ilishaniua, mwanangu. Itanifanya nini ingine?" Aciro akatoka nje kwenda kuosha sufuria zilizokuwa safi.

Tumbaku yenyewe ilikuwa imebaki msokoto mmoja, wa urefu wa kiganja. Dada yake Kavugho alikuwa akimletea kutoka Kasindi, mpaka vita vya huko vikamkimbiza, na tangu hapo hakuna aliyejua yuko wapi. Tumbaku zilizouzwa sokoni Owino Kavugho alizikataa. Alisema zimekaushwa na watu wasio na mama. Kwa hiyo kila kiko kilichoharibika kilikuwa kimeharibika kabisa.

Na cha kwanza kiliharibika. Obita alishindilia tumbaku kama anayejaza risasi, akawasha, akavuta kama alivyovuta sigara maisha yake yote. Kiko kikawa cha moto hata hakishikiki, ulimi ukamwungua, chumba kikajaa harufu ya kamba iliyoshika moto. Kavugho aligeuza uso kuelekea ukutani.

"Unavuta kama mutu mwenye anakimbia polisi," alisema.

Akamfundisha, maneno matano leo, sita kesho, kadiri maumivu yalivyomruhusu. Kata nyembamba, sugua viganjani, acha ipumue. Usishindilie, ukibonyeza kwa kidole, irudi. Washa mara ya kwanza, iache izime, lainisha majivu, washa tena. Halafu vuta kidogo tu, kama unavyoonja uji bila kujua umepoa au bado.

Lakini kidogo ni kidogo kiasi gani, na baada ya muda gani? Obita alitaka amri. Kavugho akamwambia achukue ungo na maharage. Mama yake hakuwahi kuvuta kiko mikono ikiwa mitupu. Alichambua maharage, akatoa mawe na yaliyooza, na kila alipomaliza fungu moja dogo alivuta mara moja. Kwao kiko kilipimwa kwa maharage.

Basi Sajini Obita, aliyewahi kukagua gwaride, akakaa mlangoni na ungo mapajani, kiko mdomoni. Majirani walipita wakiona, wakaenda kuchekea mbele. Yeye alichambua maharage ishirini, akavuta, ishirini, akavuta, sawasawa kama saa. Kiko kikawa cha moto vilevile.

"Unahesabu," Kavugho alisema kutoka kitandani, bila kumwona. "Usihesabu. Chambua."

Alikuwa anahesabu kweli. Alihesabu maharage, na chini ya maharage alihesabu miezi, kuanzia wa kwanza hadi wa tisa, na kila mwezi ulikuwa na limau yake na asali yake. Mtu anayehesabu hivyo hawezi kuvuta polepole. Viko vinne viliharibika juma lile, msokoto ukabaki kipande cha kidole gumba. Samaki mkunje angali mbichi, na Obita alikuwa na miaka sabini na miwili.

Kisha yakaja majuma mawili ambayo hayakuwa na kiko kabisa. Dawa iliongezwa, uji ukapungua, Kavugho akawa analala mchana kutwa. Obita alikaa mlangoni akichambua tu, maharage ya Aciro ya kibandani, magunia mawili, kwa sababu hakujua afanye nini kingine na mikono yake.

Jumatano moja Kavugho aliamka, akamuuliza kama bado ipo tumbaku. Ilikuwapo, ya kiko kimoja. Obita akaikata, akaisugua, akaiacha ipumue. Akawasha, ikazima, akalainisha, akawasha. Akavuta ungo karibu na kitanda, akaanza kuchambua. Alikuta jiwe dogo jekundu, akalitafakari, akalitupa, akakumbuka kuvuta. Hakuhesabu. Kichwa cha kiko kilikuwa vuguvugu tu kiganjani, na moshi ulitoka mwembamba, wa samawati, wenye harufu ya ndizi mbivu iliyosahauliwa pembeni ya makaa. Miaka arobaini alilala kando ya harufu hiyo bila kujua kuwa ni tamu. Chumba kizima kiliijua sasa. Hata Aciro, aliyekuja kusaidia na alikuwa akikunja nguo pembeni, alisimama na kufumba macho.

Obita akainama juu ya mto, akaupuliza ule moshi polepole karibu na uso wa mkewe, akangoja aseme.

Kavugho alikuwa macho, ameangalia juu kama asiyeuona moshi. Matundu ya pua yake yalipanuka, yakatulia.

"Afande," alisema. "Bado hujawasha?"

Obita alimtazama Aciro, na Aciro akauficha uso kwenye shuka aliyokuwa anakunja.

"Bado, Mama Aciro."

"Basi washa haraka. Nimechoka kungojea."

Akachukua kiberiti mezani. Akawasha njiti karibu na sikio la mkewe, ili aisikie, akaisogeza juu ya kiko kilichokuwa kikiwaka, akavuta.

"Nimewasha," akasema.

"Eeh. Tungoje. Itafika."

Wakangoja.