Kiingilio ni Jiwe Moja

Saa kumi na moja na nusu asubuhi. Ziwa Kivu limetulia na jua bado halijachomoza. Kwenye ncha ya magharibi ya mji wa Goma, Julienne Mahoro anapiga magoti kwenye ukingo wa shimo pana. Mkononi ana mti mrefu. Kwenye ncha yake linaning'inia kopo la nyanya, na ndani ya kopo unawaka mshumaa mdogo, ambao hapa kila mtu huuita buji.

Anaushusha mti taratibu. Kopo linapita usawa wa kifua cha mtu ambaye angekuwa amesimama chini. Linafika usawa wa kiuno. Hapo mwali unafifia, unakuwa wa samawati, unazimika. Hakuna upepo uliouzima.

"Leo iko," anasema.

Anasimama, anapangusa magoti, na kwenda kutundika kitenge chekundu kwenye mlingoti.

Kilichomo shimoni ni mazuku. Ni hewa nzito inayotoka katika nyufa za ardhi ya volkano. Haina rangi. Hutuama mabondeni na mashimoni kama maji katika beseni, hasa usiku na siku zisizo na upepo. Anayeivuta hupoteza fahamu kabla hajajua kwamba anavuta kitu kibaya. Magharibi mwa Goma, mbuzi na kuku hufia humo. Watu pia.

Hatua chache kutoka shimoni kuna uwanja wa mpira wa kikapu.

Julienne, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, ndiye mlinzi wa mahali hapo. Hufagia, husawazisha mchanga, hufungua sanduku la mipira. Lakini kazi iliyompa jina ni ile ya alfajiri. Watoto wanamwita Mama Buji, na siku hizi wazazi wao pia.

Uwanja una miaka miwili. Goma ni mji wa ziwani, lakini sehemu kubwa ya ufuko wake iko nyuma ya kuta za hoteli na nyumba za kifahari. Mkazi wa kawaida hulifikia ziwa akiwa amebeba bidoni ya kuchota maji. Chama kidogo cha wakazi kiliomba kipande cha miamba kati ya barabara na maji, mahali ambapo hakuna aliyetaka kujenga. Walikigonga kwa nyundo mwezi baada ya mwezi. Nyufa zilijazwa kokoto, juu yake ukamwagwa mchanga mweusi wa volkano, ukanyweshwa maji na kushindiliwa kwa miguu.

Magoli ya kikapu yamechomelewa kwa vyuma vya magurudumu ya lori. Viti vya watazamaji ni makoro, yale mawe meusi ya volkano, yaliyopangwa bila saruji. Chini kwenye maji kuna ngazi. Hadi saa tatu asubuhi ngazi ni za wachota maji. Baada ya hapo ni za waogeleaji, ambao hubaki ndani ya duara la bidoni za manjano zilizozibwa, zikafungwa kamba na kuelea kama uzio.

Kwa nini uwanja ukae kando ya shimo la mazuku?

"Kwa sababu sehemu tambarare ilikuwa hapa tu," anajibu Kamate, mwalimu wa michezo na mwenyekiti wa chama. "Tungetafuta pengine, tungekuta ukuta wa mutu."

Chama kilijenga uzio wa mbao kuzunguka shimo. Mbao zikaibwa moja moja usiku, zikaishia jikoni kama kuni. Walijenga tena, zikaisha tena. Julienne halaumu mtu. "Mwenye watoto na sufuria baridi, ukimwambia uzio, hasikii," anasema. Sasa shimo limezungukwa na safu ya mawe yaliyopakwa chokaa, na kitenge chekundu kikitundikwa, hakuna anayevuka safu hiyo. Mpira ukiangukia humo, Julienne huutoa kwa mti wenye wavu.

Maofisa wa eneo walitoa onyo la wazi: mtu mmoja akianguka shimoni, mahali pote patafungwa. Uwanja, njia ya wakimbiaji kando ya maji, ngazi, yote.

Julienne ana sababu yake mwenyewe ya kulilinda shimo. Alizaliwa katika vilima vya Masisi, katika familia ya wafugaji. Vita vilipowafukuza, yeye na mume wake, Modeste, walifika hapa Mugunga, magharibi mwa Goma, na mbuzi watatu. Asubuhi moja mbuzi mmoja alipotea. Walimkuta amelala katika shimo lisilo refu kuliko mtu.

"Kwetu kule juu mazuku haipo. Hatukujua," anasimulia. "Modeste alishuka. Alisimama pale chini, kichwa chake kiko juu, ananisemesha. Alisema, mama, mbuzi huyu amelewa nini? Tulicheka. Halafu akainama kumubeba."

Anakunja waya wa kopo.

"Akisimama, iko muzima. Akainama. Ni hiyo tu."

Majirani walimshika Julienne kwa nguvu ili asimfuate. Tangu siku hiyo amelea watoto wawili peke yake, kwanza kwa kuvunja kokoto, sasa kwa dola hamsini ambazo chama humlipa kila mwezi, mwezi unaoruhusu.

Hakukuwa na fedha za malori ya kujaza shimo. Mwanzoni Kamate alipendekeza kila anayeingia alipe franka mia mbili. Mkutano ulizomea. Ndipo Munguakonkwa, msukuma chukudu, ile baiskeli nzito ya mbao ya kubebea mizigo, aliposimama nyuma ya watu na kusema kwa utani: "Président, franka hatuna. Lakini mawe, Mungu alitupatia mpaka tukachoka!"

Watu walicheka. Kamate hakucheka. Alikubali.

Tangu hapo kiingilio ni jiwe moja. Mchezaji, mkimbiaji, mwogeleaji, hata bibi anayekuja kukaa tu, huokota koro njiani na kulirusha shimoni kabla ya kuingia. Miaka miwili iliyopita shimo lilikuwa na kina cha watu wawili. Sasa mtu mzima akisimama ndani, mabega yake yanaonekana kutoka uwanjani.

Julienne anasema huo ndio wakati wa hatari zaidi. "Lilipokuwa refu, waliliogopa. Sasa linafanana na kitu cha kuchezea."

Leo ni Jumapili ya fainali ya wanawake. Timu ya Mugunga inakutana na timu ya wachuuzi wa Birere, kule karibu na mpaka wa Rwanda. Wageni wanawasili kwa pikipiki saa nane mchana. Kila mmoja anarusha jiwe lake, kama walivyoagizwa, bila kuuliza sana. Mawingu yamefunika mji tangu asubuhi na ziwa halijaleta upepo. Julienne amejaribu buji mara mbili zaidi. Kitenge bado kiko juu.

"Birere!" anapaza sauti shabiki mmoja wa Mugunga. "Kuuza munajua, kucheza mumeacha sokoni!"

"Ngojeni mwisho," anajibu Jeancy, muuza viatu mrefu ambaye ndiye tegemeo la timu ya Birere. "Kombe tutabeba, kesho tutawauzia!"

Zimebaki dakika chache. Mugunga inaongoza kwa pointi moja. Jeancy anakimbilia pasi ndefu, inampita, mpira unadunda mara moja, unaruka mawe ya chokaa na kutumbukia shimoni. Jeancy hapunguzi mwendo. Anaruka mawe na kushuka nyuma yake.

"Simama!"

Sauti ya Julienne inasikika hadi kwenye ngazi za ziwa. Tayari anakimbia, mti mkononi.

"Simama hivyo hivyo! Hapana kuinama! Weye mutoto, hapana kuinama!"

"Mama, balo iko hapa miguuni!"

"Iache! Usiangalie balo. Niangalie mie. Shika muti. Panda."

Watazamaji wengine wanacheka. Mabega ya msichana yanaonekana vizuri, naye anaonekana mzima kabisa. "Mama Buji," anatania mmoja, "hata balo iko na mazuku?"

Julienne anausogeza mti karibu zaidi. Hamwondolei Jeancy macho. Jeancy anatazama mpira, anatazama uso wa mwanamke huyu asiyemjua, kisha anashika mti kwa mikono miwili na kupanda juu ya mawe hadi ukingoni.

Anatoka akiwa na hasira. "Sasa hii ni nini? Muliona tutashinda, mukaanza mambo?"

Julienne anawasha buji. Kiberiti cha kwanza kinavunjika, cha pili kinashika. Ananing'iniza kopo kwenye mti na kulipeleka mahali pale pale Jeancy aliposimama. Analishusha. Safari hii hakuna anayecheka. Mwali unapita usawa wa bega, unapita usawa wa mbavu, unazimika.

Jeancy anatazama kopo. Halafu anatazama mkanda wa kaptula yake.

"Na ile kitenge?" Julienne anamuuliza, akionyesha mlingoti. "Hukuiona?"

"Niliiona, mama. Nilifikiri umeanika nguo."

Mwamuzi anasimamisha saa. Julienne anauvua mpira kwa wavu, jambo linalochukua muda. Mechi inamalizika kwa pointi ile ile moja. Mugunga wanabeba kombe na kuimba hadi barabarani. Jeancy anabaki kwenye kiti cha mawe karibu na Julienne.

Jioni hiyo Kamate anakubali kwamba kosa lilikuwa la chama. "Tulidhani kila mutu anajua kitenge ni nini. Sisi tunajua. Mutu wa Birere atajulia wapi?" Tangu siku hiyo, kila timu ngeni inapofika, kabla ya kugusa mpira, husimama kwenye mstari kando ya shimo na kutazama buji ikizimika. Baada ya hapo hakuna anayehitaji kuambiwa.

Jumamosi inayofuata kelele zinasikika barabarani. Munguakonkwa anakuja na chukudu yake, imejaa makoro hadi inalia. Nyuma yake wanasukuma wanawake saba wa Birere, Jeancy akiwa mbele, jasho likimtoka.

"Mama Buji!" anaita. "Tumelipa ya mwaka muzima!"

"Hapana," anasema Julienne. "Hiyo ni ya leo. Kesho mutaleta ingine."

Wanacheka, wanamimina. Mawe yanaporomoka kwa kishindo na vumbi jeusi linapanda. Shimo halionekani kupungua. Julienne, ambaye hulitazama kila asubuhi, anasema limepungua.

Kamate anakadiria kwamba kwa mwendo huu shimo litakuwa sawa na uwanja baada ya misimu miwili ya mvua. Hapo hewa haitakuwa na pa kutuama, upepo wa ziwa utaipeperusha. Chama kinataka kumwaga mchanga juu yake na kupafanya mahali pa watoto wadogo. Kazi ya buji itakwisha, na hakuna aliyemwahidi Julienne kwamba mshahara utabaki.

Anapoulizwa kama jambo hilo linamsumbua, anaweka kopo chini.

"Mafagio bado yapo. Nitafagia," anasema. "Lakini siku litakapojaa, sitaki sherehe. Nitakuja asubuhi, watu hawajafika. Nitatembea mpaka pale katikati. Nitainama, niokote kitu. Hata kijiwe. Halafu nisimame."