Uzi wa Pamba Kwenye Tanga la Kaka

Kati ya Mbulu na Balangdalalu hakuna aliyemfikia Tadei Bura wa Tlawi kwa kushona maturubai, na hilo hata wasiompenda walikubali. Malori ya vitunguu saumu, na yale yanayoteremka Yaeda Chini yakarudi maturubai yamechanwa na miiba, yote yalipita kwenye kibanda chake pale sokoni. Cherehani yake nzito ya kushonea ngozi aliachiwa na marehemu baba yake. Mtu mwenye kazi, mke na ng'ombe wanne, utauliza anataka nini tena? Alitaka maisha ya kaka yake, basi.

Kwao kitindamimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi, na kitindamimba alikuwa Tadei. Ignasi, mkubwa wake, akawa huru kuondoka. Alikwenda Pangani kukata mkonge, mkonge ukamshinda, akaishia kuwa baharia kwenye boti ndogo ya tanga ya mzee mmoja Mholanzi. Boti yenyewe haizidi urefu wa Fuso. Walikuwa wawili tu humo ndani, wanapika humo, wanalala humo, wanafuata pwani wiki baada ya wiki: Mafia, Kilwa, Mikindani, mpaka Msumbiji, halafu wanarudi.

Picha za safari zilikuja kwenye simu ya mama yao, Letisia, na mama naye hakuwa mtu wa kuficha neema. Kila Jumapili baada ya misa simu ilizunguka mikono yote pale nje ya kanisa. Tadei alijifanya hana habari. Lakini nyumbani aliiomba simu eti aangalie salio, akakaa nayo nusu saa, mpaka akazijua bandari zote kwa mpangilio kama rozari. Yeye maji makubwa kuliko yote aliyowahi kuyaona ni ziwa la Basotu, na hata hapo aliishia kunawa miguu. Mkewe Doris alimwambia wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Tadei akajibu kwamba hana wivu wowote, ni tumbo tu linamsumbua.

Mwaka huu, mwezi wa kwanza, Ignasi akaja nyumbani na mfuko mkubwa begani. Mdogo lazima aanze, kwa hiyo Tadei akasema, "Shikamoo, kaka," huku akiutazama mfuko. Ndani ya mfuko kulikuwa na tanga la boti, limechanika karibu na Kilwa, mpasuko wa hatua tatu nzima. Mholanzi alitaka kuagiza jingine Ulaya na kusubiri miezi. Ignasi akamkatalia, akamwambia kwamba kwao milimani ana mdogo wake ambaye mshono wake haujawahi kufumuka.

Mwingine angefurahi, jamani. Tadei yeye alisikia jambo moja tu: hata akirudi nyumbani, anarudi kunituma. Na ilivyokuwa mbaya zaidi, wateja wake wenyewe waliacha benchi lake wakamzunguka Ignasi, wakimuuliza pomboo anafananaje na usiku mtu analalaje juu ya maji. Tadei akabaki na tanga magotini. Akanyoosha mkono kwenye rafu, akauruka uzi wa nailoni, akachukua wa pamba, ule wa kushonea magodoro.

Alijua. Msimtetee, alijua vizuri sana. Malori yanayobeba chumvi kutoka ziwa la Balangida alikuwa akiyashonea kwa nailoni siku zote, kwa sababu pamba ikikutana na chumvi na jua huoza, na turubai hufunguka lenyewe barabarani. Hakutaka mtu afe. Alitaka tanga lipasuke mbele ya Mholanzi, kaka yake aaibike, arudi Tlawi kuchimba vitunguu saumu kama sisi wengine. Kile kina cha maji chini ya boti aliamua kutokifikiria.

Kesho yake asubuhi wakakusanyika uani kumuaga msafiri. Ni Wakatoliki tangu enzi za babu, lakini kwenye ukoo ule safari ndefu haiondoki bila baraka. Mzee Tluway, baba yao mdogo, hushika kibuyu cha maziwa na kuomba, kila mmoja hupiga funda, na kabla ya kupiga funda mwenye kinyongo hukisema. Anayekunywa na neno moyoni ameifunga njia ya mwenzake. Tangu utoto Tadei hakuwahi kumwona mtu akinywa na neno.

Kabla mzee hajaanza, Ignasi akaomba kusema. Akaeleza kwamba Mholanzi anamtaka aliyeshona tanga apande boti nao, Pangani mpaka Mikindani na kurudi, majuma matatu. Yeye Ignasi ndiye aliyekuwa akimwombea mdogo wake nafasi hiyo tangu mwaka juzi. Kwa hiyo leo wabarikiwe wasafiri wawili.

Mama alipiga kigelegele. Furaha na hofu vilimwingia Tadei pamoja, na hapohapo akili ikamletea ujanja: nyamaza, beba nailoni kwenye begi, utashona upya hukohuko Pangani, nani atajua? Kibuyu kikaja. Akakiinua mpaka mdomoni, akanusa maziwa, akakishusha.

"Uzi ni wa pamba," alisema. "Hautafika Mafia. Nilijua, kaka. Nilikuwa nakuonea wivu."

Mama alijifunika mdomo kwa khanga. Ignasi aliuburuta mfuko wa tanga mpaka miguuni pa mdogo wake.

"Mimi sijui kuogelea, Tadei," alisema. "Fumua."

Akafumua. Akashona kwa nailoni, mishono miwili sambamba, kutwa nzima, na Ignasi amekaa kwenye kigoda pembeni akikagua kila sindano inavyoingia. Hajawahi kumkagua maishani mwake. Jioni mzee Tluway aliwapa kibuyu na wote wawili wakanywa. Lakini alfajiri Ignasi alipanda basi la Arusha peke yake, na habari ya nafasi ile hakuna aliyeigusa.

Baada ya miezi miwili ikaja picha, safari hii kwenye simu ya Tadei mwenyewe. Tanga limejaa upepo, mshono wake umenyooka katikati. Chini Ignasi ameandika: "Umeshika." Tadei hakuutazama mshono sana. Aliikuza picha mpaka akamwona mtu mmoja mnene, mwenye kofia na mwiko mkononi, amekaa kwenye ile nafasi ya tatu aliyoahidiwa yeye, anacheka. Tumbo likamsokota palepale, na safari hii hakuwa na kaka wa kumlaumu.