Mkwe Mlafi Alivyogeuka Kuwa Mjukuu

Siku yangu ya kwanza ya kazi ya teatri niliingizwa ndani ya sanduku. Nilikuwa moniteur, yaani mwalimu, mpya katika shule ya misioni karibu na Mweso, nikitazamia kupewa chaki na darasa. Père Directeur, padri mkuu wa shule, mzungu mrefu mwenye ndevu za rangi ya mahindi, akanionyesha sanduku la mbao lililochimbiwa mbele ya jukwaa, akasema, "Maître, wewe utakaa humu." Hiyo njo ilikuwa kazi ya souffleur. Souffleur anajificha pale, kichwa kimetokeza kidogo, kitabu mkononi, na kumnong'oneza mchezaji maneno aliyoyasahau. Ninyi vijana wa leo mnashika maikrofoni mnapiga kelele mpaka mbuzi wanakimbia. Sisi tulianza kwa kujifunza kunong'ona.

Kitabu chenyewe kilikuwa chembamba, jalada limeliwa na mchwa, na ndani yake mlikuwa na mchezo mmoja wa zamani wa kuchekesha. Père alisema wakulima wa kijiji chao huko Ulaya walikuwa wanaucheza kila baada ya mavuno, tangu wakati wa babu wa babu yake, na hakuna tena aliyejua nani aliutunga. Habari yake ni fupi. Kijana mlafi anaingia kwa siri jikoni kwa mama mkwe wake, anajificha nyuma ya kapu la unga, na kila mama akigeuka, yeye anachota chunguni. Mwishoni anakamatwa mdomo umejaa, na mama mkwe anamfukuza wakizunguka meza mara tatu. Zamani za Wabelgiji wanafunzi waliucheza kwa Kifaransa mbele ya wazungu wa kituo cha serikali, nao walicheka mpaka machozi. Watu wetu walitazama kutoka nyuma ya uzio. Hakuna aliyewauliza wamefikiri nini.

Uhuru ulipofika, Père Directeur aliniita ofisini.

"Sasa inchi iko yenu," akasema. "Mchezo huu uingie katika Kiswahili. Lakini texte ni texte. Usiguse hata nukta."

Nikautafsiri neno kwa neno, sikugusa nukta. Na kwa kuwa maneno yote nilikuwa nayo kichwani, nikatolewa sandukuni nikapewa nafasi ya mkwe mlafi. Mama mkwe alichezwa na Bauma, mwalimu wa darasa la nne, mwanaume mnene mwenye sauti nyembamba, kavaa kitenge na kujifunga mto tumboni. Wakati ule hakuna msichana aliyeruhusiwa kupanda jukwaani.

Hapa niseme ujinga wangu wazi. Kwetu milimani, mwanaume na mama wa mke wake hawatazamani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia katika majani mpaka mwenzake apite. Kula mbele yake ndiyo kabisa, haiwezekani. Mimi nililelewa internat, shule ya bweni, tangu utoto, nikaona hayo ni mambo ya wazee. Tena kwenye répétition, yaani mazoezi yetu ya alasiri, wanafunzi walikuwa wanaanguka chini kwa kucheka, basi nikajiona fundi. Sikufikiri kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na mkwe.

Na mimi nilikuwa karibu kumpata wangu. Nilikuwa nimemposa Feza, binti wa mkulima wa maharagwe wa ng'ambo ya bonde. Wazee walikuwa wamekwisha kunywa pombe ya ndizi pamoja, ikabaki kupanga siku ya kanisa. Nilimpenda, sina njia nyingine ya kusema. Nikisikia jina lake darasani nilikuwa nasahau hesabu niliyoiandika ubaoni.

Tulicheza Jumapili baada ya misa, uwanjani. Père Directeur, kwa heshima, aliwakalisha akina mama mbele kabisa, na Mama Feza akiwa katikati yao. Nilipofunua chungu na kuingiza tonge la kwanza mdomoni, nikamtazama Bauma usoni kama kitabu kilivyotaka, na nikasubiri kicheko. Hakikuja. Nikadhani hawakuona vizuri, nikala tonge la pili, kubwa zaidi. Ole wangu. Mama Feza akafunika kichwa kwa kitenge, akasimama, akaondoka bila kugeuka. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Tulimaliza mchezo mbele ya benchi tupu, maana Père alisema mchezaji hakatishi.

Kesho yake mjomba wa Feza alikuja shuleni. Hakukubali kiti.

"Maître, Mama Feza anasema hivi: muntu mwenye anakula mbele ya mukwe yake watu wote wakiangalia, hata mu nyumba yake hatakuwa na haya. Mutoto wake hatamupatia wewe."

"Papa, ile ilikuwa mchezo tu," nikasema. "Mukwe mwenyewe alikuwa Bauma."

"Bauma njo alikuwa mukwe. Lakini mudomo wenye ulikuwa unatafuna, ulikuwa wa nani?"

Nilipompelekea Père Directeur habari hiyo alifunga kitabu kilichokuwa mbele yake. Hakukasirika, na hilo liliniuma zaidi. Akasema, "Basi troupe yetu ya mchezo inafungwa. Sikuleta mchezo huu ili uharibu ndoa za watu." Kwa hiyo kwa matonge mawili nilikuwa nimepoteza mchumba na teatri.

Aliyetuokoa ni Bauma. Alikuja akala maharagwe yangu yote kwanza, ndivyo alivyokuwa, kisha akasema, "Maître, miye naona kosa iko moja tu. Toa mukwe, weka nyanya." Akaendelea, "Nyanya na mujukuu wanachekeana. Nyanya anamwita mujukuu bwana yake, na mwenye anaoa mujukuu yake, naye anamwita bwana. Akimwibia chakula, nani ataona haya?"

Nililala na neno hilo, asubuhi nikaanza kukata. Père Directeur aliposoma maandishi yangu alisema nimetoa moyo wa kitabu. "Mon Père," nikamjibu, "moyo wa kitabu ni njaa. Huo nimeuacha." Akacheka puani. Akaturuhusu jaribio moja, lakini mbali na Mweso: twende upande wa Walikale, kusudi tukianguka, tuanguke porini.

Mfanyabiashara mmoja wa Butembo aliyekuwa akipeleka chumvi alitubeba juu ya kamio yake, yaani lori, mpaka njia ilipokwisha kwa matope, tukatembea. Kituo cha kwanza kilikuwa Buleusa. Nilipofunua chungu watu wakaanza kucheka, kisha mama mzee mmoja akainuka, akaja moja kwa moja, akamsukuma Bauma kando na kumwambia, "Wewe mwanaume, toka. Nyanya ya kweli iko hapa." Akanipokonya chungu. Akanitukana matusi matamu ya nyanya, akauliza kama nina meno ya panya ao ya muntu, akakaa na kula ugali wetu wote. Souffleur wetu, mwanafunzi aliyechukua nafasi yangu, alikuwa anageuza kurasa akitafuta tumefika wapi. Uwanja mzima ulikuwa unalia kwa kucheka.

Toka siku ile tukawa na desturi yetu ya kazi. Kigoda kinawekwa jukwaani kitupu, mchezo unaanza, na tunasubiri mpaka nyanya mmoja wa kijiji ainuke mwenyewe. Bauma alikasirika siku mbili, kisha akawa mpiga ngoma. Walikale kwenyewe, Administrateur wa territoire, yaani mkuu wa wilaya, alikuja na kofia yake, akacheka mpaka akaivua. Baadaye akaniambia, "Maître, mimi nilikuja kwa kazi. Kesho mucheze tena, nije kwa kucheka tu."

Tuliporudi nilituma kuku na kitenge kwa Mama Feza, mkononi mwa mjomba, kuomba radhi. Kuku hakurudishwa, na jibu halikuja. Wiki mbili nilikuwa nikimtazama Père Directeur, naye ananitazama. Mwishowe akasema tutacheza Mweso mara ya mwisho, na watu wenyewe waamue.

Watu walikuja, ila walikaa mbali. Kigoda kikawekwa. Nikaingia, nikanusa chungu, nikasubiri. Hakuna aliyeinuka. Nikanusa tena, souffleur masikini ananinong'oneza maneno ambayo nilikuwa nimeyakata. Ndipo nikaona fimbo. Alikuwa nyanya wa Feza, mzaa mama yake. Alipanda polepole, akakaa, akanipiga fimbo ya mguu na kusema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani:

"Mwenye ataoa Feza njo bwana yangu na miye. Sasa bwana gani anakulaka bila kuita bibi yake? Leta hiyo chungu."

Mbele ya wazee wote alikuwa amenirudishia mchumba, na hakuna mtu angeweza kumpinga mzee yule. Nikampa chungu kwa mikono miwili. Kila mtu alikuwa anacheka, na kule nyuma niliona mama mmoja amekaa ametupa mgongo jukwaani, kitenge kichwani, mabega yanatikisika.

Tulifunga ndoa kabla ya masika. Nilifundisha baadaye Masisi, kisha Walikale miaka mingi, chini ya wakurugenzi na wainspekta wengi, na kila mahali nilikwenda na kigoda kile. Nimestaafu sasa. Pale Mweso watoto wa familia zilizokimbia vita wanaucheza mchezo ule na nyanya zao, kila nyanya na matusi ya kwao. Wamebadilisha mambo mengi. Naambiwa siku hizi mlafi ni msichana. Wanaponiuliza kama nimechukia, nawaambia mchezo usioguswa utaliwa na mchwa.

Mama Feza alihudhuria kila tulipocheza Mweso mpaka alipofariki, daima ametupa mgongo, jinsi heshima inavyotaka. Uso wake akicheka sikuuona hata siku moja. Lakini kicheko chake nilikijua kati ya watu wote, na mara nyingi nilichelewesha neno lililofuata kusudi aendelee kidogo.