Besi wa Felisita

Ukipita kwa Felisita, fundi cherehani wa Bariadi, utamkuta anashona huku anaimba nota kwa mdomo uliobana pini. Wateja wamezoea. Akinyamaza ghafla, ujue amepata wimbo, na shati lako litasubiri.

Rafiki yake ni Mahona, mkulima wa pamba kule Kasoli, naye mtunzi wa nyimbo za kwaya. Mmoja akitunga, humwimbia mwenzake kwenye simu sauti zote nne, moja moja. Ikifika soprano, Mahona hubana koo mpaka mbuzi wanageuka kumtazama.

Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, parokia ilichagua wimbo wa Felisita uimbwe kwenye misa ya mavuno. Furaha iliyoje! Lakini mazoezini besi wakamtesa. Aliwaandikia waingie mwishoni, taratibu, baada ya wenzao. Wao kila mara wanawahi.

"Subirini!" Felisita akapiga meza. "Hivi mnakimbizwa na nani?"

"Tunajitahidi, mayu, mama yetu," akajibu Bundala, besi mwenye sauti nzito kuliko wote. "Mwili ndio haukubali."

Kesho yake Mahona akaja kusikiliza. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Dada Feli, hawa wote wanalima kwa kundi, na ngoma. Shambani sauti nzito ndiyo inaanzisha, majembe yanafuata. Wewe unawaambia washike jembe hewani wakisubiri soprano! Waache watangulie."

Felisita akanuna. Besi kutangulia ni mtindo wa Mahona, nani asiyejua?

"Watu watasema ni wewe uliyenitungia wimbo."

"Watasema. Kwani utakufa?"

Hata hivyo alijaribu. Besi wakaanza peke yao, benchi zikatetemeka. Soprano walipopanda juu yao, polepole vilevile kama alivyowaandikia, Felisita akabaki mdomo wazi.

Jumapili watu wakapiga vigelegele hadi padri akangoja.

Nje ya kanisa, mzee Luhaga akamsogelea. "Mwanangu, ule si wimbo wa Mahona?"

Felisita akavuta pumzi. "Ule mwanzo nimeiga kwake, baba. Kwingine kote ni mimi."

"Mwenzenu kaiga mara moja tu!" akadakia Mahona. "Zile soprano zangu za Pasaka zilizowaliza, mnadhani nilizitoa wapi? Kwenye pamba?"

Felisita akamgeukia. "Nilijua!"

"Ulijua ukanyamaza?"

"Nilikuwa nazifurahia."