Televisheni ya Ada

Fundi wetu wa redio na televisheni alibandikwa jina la Mzee Boksi, na jina likamkaa. Binti yake alipoanza darasa la kwanza, alinunua televisheni mpya kabisa, akaipandisha juu ya kabati la chumbani ikiwa ndani ya boksi lake, akapiga marufuku mtu kuigusa.

"Pesa inayeyuka," alimwambia mkewe. "Kitu kinakaa. Mtoto akienda chuo, tunauza, tunalipa ada."

Kuhusu pesa alisema kweli. Noti zilizonunua televisheni ile leo hazinunui hata rimoti yake. Basi miaka kumi na mitatu alitengeneza televisheni za watu, huku wanawe wakichungulia taarifa ya habari dirishani kwa jirani. Kila Jumapili alipanda kiti, akalipangusa boksi. Wanawe hawakupanguswa hivyo.

Mwaka huu binti akapata nafasi chuo cha uuguzi. Ada ya kujiandikisha ilitakiwa Ijumaa. Jumatatu Mzee Boksi akalibeba boksi begani hadi duka la vyombo vya umeme. Muuzaji akachungulia ndani.

"Mzee wangu, hii si ya chogo, zile za mgongo mrefu?"

"Mpya! Haijawashwa hata mara moja."

"Naona. Ingewashwa zamani hizo ingekufaa." Akanyoosha kidole ukutani, kwenye televisheni bapa kama trei. "Hiyo yako nikiipokea, wewe ndiye utakayenilipa kwa nafasi itakayojaza."

Alirudi nyumbani, boksi begani. Binti akalitazama, akamtazama baba yake.

"Baba, si una chogo tatu za wateja zimelala kibandani kwa kukosa vipuri? Fungua hili, utoe vipuri."

"Nifungue kitu kipya?"

"Baba nanii," mkewe akadakia, "umelitunza kuliko ulivyonitunza mimi. Fungua!"

Aliukata utepe wa gundi kama anayejikata kidole. Kufikia Alhamisi televisheni zote tatu zilikuwa zinaongea, na wenyewe walilipa bila kubishana, maana vipuri vile haviuzwi tena popote. Ada ya kujiandikisha ikatimia. Iliyobaki ataitafuta kwa bisibisi, kama ilivyompasa tangu mwanzo.

Ijumaa asubuhi binti alitoka na nguo zake amezipanga ndani ya lile boksi. Baba akamfuata hadi kituoni.

"Shika kwa chini, mwanangu! Usilikunje pembe. Boksi hilo bado jipya."