Koti Lenye Matundu

Kila mwaka chuo anachosoma mjukuu wangu wa kike kinawaita wanafunzi waliowapita wenzao katika kemia, kiwape zawadi mbele ya wazazi. Mwaka huu wakamwita yeye. Mama yake ni marehemu, kwa hiyo mzazi ni mimi.

Zawadi hiyo mwanafunzi anaipokea akiwa amevaa koti lake jeupe la laboratwari. Asubuhi ya siku yenyewe akaniletea nilipige pasi. Nikalitandaza mezani. Mikono imejaa matundu kama imeliwa na mende, na kifuani doa la manjano.

"Na hili hauendi," nikasema. "Hapa Buyenzi mutoto akiitwa mbele ya watu, nyumba nzima ndiyo inatazamwa. Jirani yetu daktari atakuazima lake."

"Apana, Bibi. La mutu mwingine sivae."

"Basi leta sindano."

"Ukilishona, mi siende."

Hakupandisha sauti. Alisema tu, na nilijua haendi kweli. Mkaa ulikuwa bado haujashika vizuri ndani ya pasi. Nikakaa, nikaweka kidole kwenye tundu kubwa.

"Hili?"

"Asidi. Chupa ilikuwa na ufa, sikuuona."

"Na haya madogo?"

"Kazi moja ilinikatalia. Nikairudia, nikairudia, mpaka ikakubali. Wenzangu walikuwa wamekwisha kwenda kwao."

"Na doa?"

Akacheka. "Hilo mchuzi wako, Bibi. Nilikula nimelivaa."

"We mutoto hauna adabu. Leta sabuni na ndimu."

Doa nikalitoa. Matundu sikuyagusa. Nikatia wanga, nikapiga pasi mpaka kola ikasimama yenyewe.

Ukumbini akaitwa wa kwanza katika darasa lake. Alipopanda jukwaani, mama mmoja aliyekaa nyuma yangu, kavaa hariri, akaniinamia begani. Hakujua mimi ni nani.

"Dada, ona mikono ile! Kwao hakuna hata sindano?"

"Sindano iko," nikamjibu. "Yale ni ya kazi. Hayashonwi."

"We unajuaje?"

Mwenye kuita majina akaomba mzazi wa binti asimame, watu wamwone. Mjukuu wangu alikuwa anatafuta kwenye viti, macho yanapita huku na huku, kama hana hakika nitafanya nini.

Nikamwambia yule mama anishikie mkoba, nikasimama.